Kuachia Kabla ya Kuvuta: Ufafanuzi wa Kikunjio cha Mshipi wa Upinde na Utengenezaji Wake kwa Vifaa vya Nyumbani Katika Mazingira ya Sakina, Arusha

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kikunjio cha mshipi wa upinde, yaani kifaa kidogo kinachofungwa kwenye upinde ili kuhifadhi mshipi uliounganishwa na mshale wa kuvulia samaki. Aidha, yanaeleza namna kifaa hicho kinavyoweza kutengenezwa kwa vifaa vya nyumbani vinavyopatikana katika mtaa wa Sakina, jijini Arusha. Hoja kuu ni kwamba kazi ya kwanza ya kikunjio si kuvuta samaki bali kuachia mshipi bila kizuizi. Umbo la kifaa, uteuzi wa vifaa, jina lake, mpangilio wa maelekezo na tahadhari za matumizi vyote hutokana na kazi hiyo. Makala yanaonesha pia kwamba Kiswahili kina akiba ya kutosha ya msamiati wa upinde na wa uvuvi wa mshipi, na kwamba uzembe katika kuutumia msamiati huo unaweza kumgharimu mtumiaji jicho lake.

Maneno makuu: kikunjio, mshipi, upote, maelekezo ya kiufundi, Sakina

1.0 Utangulizi

Uvuvi wa upinde ni uvuvi ambao mvuvi humlenga samaki anayeonekana karibu na uso wa maji na kumpiga kwa mshale uliofungwa mshipi. Samaki akipigwa, miiba ya kigumba humzuia kuchomoka, na mvuvi humvuta kwa mshipi huo hadi nchi kavu au ndani ya chombo. Baina ya upinde na mshale, kwa hiyo, panahitajika mahali pa kuuweka mshipi kabla haujatumika. Mahali hapo ndipo panapozungumziwa katika makala haya.

Kifaa hiki kinauzwa kikiwa tayari katika nchi ambako uvuvi wa upinde ni mchezo uliozoeleka, hasa Marekani, ambako wavuvi wa upinde huwawinda zaidi samaki wa jamii ya kapu. Katika Tanzania si bidhaa ya kawaida madukani. Anayetaka kukifahamu, awe mwalimu wa stadi za kazi, mwanafunzi wa ufundi au mtafiti wa zana za jadi, hulazimika kukitengeneza. Maelekezo yanayopatikana mara nyingi yapo katika lugha za kigeni na hutaja vifaa ambavyo fundi wa Sakina hana. Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa hapa.

Sakina ni mtaa ulio kaskazini-magharibi mwa katikati ya Jiji la Arusha, kando ya barabara iendayo Namanga. Ndipo inapoanzia barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru, yenye urefu wa kilomita 14.1. Mtaa huu umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, hauna ziwa wala bwawa kubwa la uvuvi, hivyo kifaa kinaweza kuchunguzwa kama kazi ya ufundi kabla hakijachukuliwa kuwa zana ya uvuvi. Pili, utamaduni wa kukipa kitu kilichochakaa kazi ya pili umekita mizizi jijini Arusha: tairi kuukuu hugeuzwa katambuga, mpira wa ndani wa baiskeli hukatwa utepe wa kufungia mizigo, na ndoo ya rangi huishia kuchotea maji. Kikunjio kinaingia katika utamaduni huo bila kubisha hodi.

2.0 Upinde wa Bara na Mshipi wa Pwani

Ili kukielewa kikunjio, ni muhimu kutambua kwamba kinaunganisha mapokeo mawili ambayo katika Tanzania yamekaa mbalimbali: mapokeo ya upinde, ambayo ni ya uwindaji wa nchi kavu, na mapokeo ya mshipi, ambayo ni ya majini.

Katika Mkoa wa Arusha, mapokeo ya upinde yaliyo hai zaidi ni ya Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi. Mishale yao hutofautiana kulingana na windo: ipo ya mti mtupu, na ipo yenye kigumba cha chuma kilichopakwa sumu kwa ajili ya wanyama wakubwa. Jambo linalohusiana moja kwa moja na mada hii ni kwamba vigumba vya chuma hutengenezwa pia kwa misumari ya kawaida ya ujenzi iliyofuliwa, na kwamba wahunzi wa Kidatoga wanaopakana nao hufua vichwa vya mishale kutokana na vyuma chakavu. Kutengeneza sehemu ya silaha kwa kitu cha nyumbani si ubunifu mgeni katika mkoa huu. Hata hivyo, mshale wa Mhadzabe hauna mshipi. Ukishaachiwa, mwindaji huufuata kwa miguu.

Katika pwani hali ni kinyume chake. Huko upinde si zana ya baharini, lakini elimu ya mshipi ni ya kina. Mvuvi wa mshipi hukunja mshipi wake kwenye kipande cha ubao au chupa ya plastiki, huushusha kwa uzito wa chubwi, na vidole vyake huhisi samaki anapogusa chambo. Chusa la kuvulia samaki wakubwa nalo hufungwa kamba, ili samaki akikimbia asipotee na chuma mwilini.

Mfano unaodhihirisha zaidi kanuni ya makala haya ni uvuvi wa kasa kwa kutumia chazo, samaki mwenye kinyonyeo kichwani anayejinata kwenye viumbe wakubwa wa baharini. Frederic Holmwood, aliyekuwa katika ubalozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alichapisha maelezo ya uvuvi huo mwaka 1884. Chazo hufungwa kamba mkiani na kuachiwa karibu na kasa. Huogelea, hujinata, kisha mvuvi huvuta kamba. Kasa leo analindwa na sheria, na mfano huu unatajwa kwa ajili ya somo lake tu. Kamba ikikaza mapema, chazo hamfikii kasa. Ushindi wa kuvuta hutegemea uhuru wa kuachia uliotangulia. Kanuni hiyohiyo inatawala mshale wenye mshipi, isipokuwa kwamba chazo huogelea, ilhali mshale huruka.

3.0 Jina la Kifaa

Kutaja kifaa kwa jina lisilofaa kunaweza kumpotosha anayekitengeneza. Majina matatu yanaweza kufikiriwa.

La kwanza ni roda. Neno hili limezoeleka kwa mabaharia na mafundi kwa maana ya gurudumu lenye mfuo ambamo kamba hupita. Roda hupitisha kamba lakini haiihifadhi. Anayeambiwa atengeneze roda atatafuta gurudumu dogo lenye mhimili, na atakuwa hana pa kuuweka mshipi.

La pili ni kigurudumu. Jina hili linafaa kwa vifaa vya ndoana vyenye mkono wa kuzungushia, lakini linabeba wazo la kuzunguka. Kama itakavyooneshwa katika sehemu inayofuata, kifaa rahisi cha upinde hakizunguki hata kidogo. Fundi aliyeanza na wazo la gurudumu atahangaika kutafuta mhimili na gololi, na akifanikiwa kuvipata atakuwa ametengeneza kifaa kibaya zaidi.

La tatu, linalopendekezwa na kutumika katika makala haya, ni kikunjio. Limeundwa kwa mzizi wa kitenzi kunja, kama linavyotumika katika kukunja kamba, pamoja na kiambishi ki- na kiishio -io kinachoonesha kifaa au mahali pa tendo, kama ilivyo katika kifungio na kifunikio. Kikunjio cha mshipi ni mahali mshipi unapokunjwa. Jina halidai kwamba kifaa kinazunguka, na linamwambia fundi kazi anayopaswa kuifanya kwa mkono wake.

Kwa sehemu nyingine, lugha haina haja ya maneno mapya. Kamba inayounganisha ncha mbili za upinde ni upote, mti wa mshale ni wano, kichwa chake cha chuma ni kigumba, na kamba inayomfuata samaki ni mshipi. Maneno haya yamo katika kamusi za Kiswahili, na faida ya kuyatumia si ya urembo. Mtu anayeita vitu viwili kwa neno moja, kamba, hawezi kutoa maelekezo salama kuhusu zana yenye kamba mbili.

4.0 Namna Kikunjio Kinavyofanya Kazi

Ichukuliwe kwamba mshale umeachiwa kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde na samaki yuko mita 8 mbele. Mshale utafika baada ya sehemu moja ya tano ya sekunde. Katika muda huo mfupi, mita 8 za mshipi zinapaswa kuwa zimetoka.

Kama mshipi umekunjwa kwenye gurudumu linalozunguka lenye kipenyo cha sentimita 10, mzingo wake ni takriban sentimita 31.4. Ili kutoa mshipi kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde, gurudumu hilo litalazimika kuzunguka takriban mara 127 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 7,600 kwa dakika, na kuifikia kasi hiyo tangu mshale unapoondoka. Hakuna mhimili wa msumari na mbao unaoweza kutii amri hiyo. Gurudumu litachelewa, mshipi utakaza, na mshale utavutwa nyuma ungali hewani. Hata likiwahi, litaendelea kuzunguka baada ya mshale kusimama, na mshipi utajimwaga na kufungamana.

Suluhisho ni kukiacha kifaa kitulie na kuuacha mshipi uondoke wenyewe. Kikunjio hufungwa kikiwa kimeelekeza uso wake mbele, upande mshale unakoenda. Mshipi hukunjwa kuzunguka ubavu wake, na mshale unapoondoka, mizunguko huteleza mmoja baada ya mwingine kupitia ukingo wa mbele. Kinachosogea ni mshipi mwepesi tu.

Kutokana na maelezo hayo, masharti manne yanajitokeza. Kwanza, ubavu uwe laini. Pili, umbo lipungue upana kidogo kuelekea mbele, ili kila mzunguko unapoteleza ukutane na nafasi kubwa zaidi, si ndogo zaidi. Tatu, ukingo wa mbele usiwe na mdomo unaoweza kuukwamisha mshipi. Nne, mshipi ukae katika tabaka moja, kwa sababu tabaka la juu lililokazwa hulibana la chini.

5.0 Vifaa na Hatua za Utengenezaji

5.1 Uteuzi wa Vifaa

Kifaa cha nyumbani kinachotimiza masharti hayo karibu yote ni kopo la plastiki gumu lenye kitako chembamba kuliko mdomo, la aina ya makopo yanayowekwa siagi au mtindi. Likielekezwa kitako mbele, upana wake hupungua kuelekea mbele kama inavyotakiwa. Mdomo wake, ambao kwa kawaida huwa na ukingo uliojitokeza, hubaki nyuma na kuzuia mshipi usirudi kwenye mkono wa mpigaji. Bomba la maji la plastiki hutumika pia, lakini halipungui upana, na kingo zake hubaki kali baada ya kukatwa kwa msumeno. Kopo la bati halifai, kwa kuwa bati lililokatwa hukata mshipi.

Urefu wa kopo hukokotolewa kutokana na mshipi. Mshipi wenye unene wa milimita 1.5 na urefu wa mita 15, ukikunjwa kwenye kopo lenye kipenyo cha wastani wa sentimita 10, hufanya mizunguko takriban 48. Mizunguko hiyo ikipangwa ubavu kwa ubavu huchukua sentimita 7.2. Kopo lenye urefu wa sentimita 9 litautosha kwa tabaka moja na kubakiza nafasi mbele na nyuma.

Mshipi wenyewe ndio unaohitaji uangalifu mkubwa. Mshipi wa nailoni wa uzi mmoja usiosukwa, uliozoeleka kwa ndoana, haufai: hukumbuka mikunjo yake na kuruka kama springi. Uzi uliosukwa ni bora zaidi. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi hupatikana uzi wa nailoni ambao mafundi huutumia kunyooshea ukuta. Kasoro ya nailoni ni kwamba hunyumbuka, na mnyumbuko huhifadhi nguvu inayoweza kuurudisha mshale. Kipimo cha nyumbani kinatosha kulinganisha nyuzi mbili: mita 2 za kila uzi huning'inizwa ndoo yenye lita 10 za maji, ambazo uzito wake ni kilo 10, kisha hupimwa urefu ulioongezeka. Uzi unaorefuka kidogo ndio unaochaguliwa, na unaorefuka sana hurudishwa kwenye kazi ya ukuta.

Vifaa vingine ni kipande cha mbao kavu, skrubu fupi mbili zenye washa, utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, vibanio viwili vya chuma vya kukazia mipira ya maji, na msasa laini.

5.2 Hatua za Utengenezaji

(i) Osha kopo na ulikaushe. Pitisha kidole ubavuni na kwenye ukingo wa kitako. Popote kidole kinapokwaruzika, sugua kwa msasa hadi pawe laini.

(ii) Chonga mbao iingie ndani ya kopo na kulijaza. Mbao hii huzuia kopo kubonyea, kwa maana mshipi ulioloa na kukunjwa kwa nguvu hukandamiza plastiki nyembamba.

(iii) Kaza skrubu kupitia katikati ya kitako hadi ndani ya mbao. Kichwa cha skrubu na washa visitokeze hadi ukingoni, mahali mshipi unapopita.

(iv) Unganisha nyuma ya mbao hiyo na kipande cha ubao bapa chenye urefu wa sentimita 12. Ubao huu ndio utakaofungwa kwenye upinde.

(v) Funga ubao kwenye sehemu ya mshiko wa upinde, chini kidogo ya mkono, kwa utepe wa mpira kwanza, kisha kwa vibanio vya chuma juu ya utepe. Usitoboe upinde. Usifunge kitu chochote kigumu kwenye sehemu inayojikunja.

(vi) Funga ncha ya mshipi kwenye mbao kupitia tundu dogo upande wa nyuma. Kunja mshipi kwa kuupitisha mkono kuzunguka kopo, kuanzia nyuma kwenda mbele, bila kupandanisha.

(vii) Kata kipande cha mpira, ukitie ufa mdogo, na ukibandike chini ya ubao. Mshipi hupachikwa katika ufa huo ili mizunguko isianguke kabla ya wakati.

Hatua mbili kati ya hizo zinahitaji maelezo zaidi. Hatua ya (v) inaweka mpaka wa matumizi: kikunjio kinafaa upinde wenye mshiko mgumu usiojikunja. Upinde wa jadi wa mti mmoja, unaojikunja karibu urefu wake wote, haukuumbwa kubeba ubao, na kuukazia vibanio ni kuualika uvunjike. Hatua ya (vi) inasisitiza kuzungusha mkono kwa sababu ya msokoto. Mshipi unapotoka kwa kuteleza mbele hupata msokoto mmoja kwa kila mzunguko. Unapokunjwa kwa mkono unaozunguka kopo lililotulia, hupata msokoto wa upande wa pili, na misokoto hiyo miwili hufutana. Anayelizungusha kopo badala ya mkono hukusanya misokoto 48 kila mara anapokunja, na baada ya mara chache mshipi hujifunga mafundo.

6.0 Majaribio, Hatari na Lugha ya Maelekezo

6.1 Jaribio la Kuning'iniza

Kabla ya upinde kuvutwa kwa mara ya kwanza, kikunjio hujaribiwa bila kupiga. Upinde hushikwa juu, uso wa kikunjio ukiwa umeelekea chini, na mshale ukiwa umefungwa kwenye mshipi. Mshipi hupachikwa kwenye ufa wa mpira, kisha mshale huachwa uning'inie. Uzito wa mshale peke yake unapaswa kuuchomoa mshipi kwenye ufa na kuuteremsha mzunguko kwa mzunguko bila kukwama. Ukikwama, tatizo litafutwe katika mambo matatu: ufa unaobana mno, ukingo wenye kwaruzo, au mizunguko iliyopandana. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na kikunjio kilichoshindwa kukipita hakistahili kufungwa kwenye upinde uliovutwa.

6.2 Mshale Unaorudi

Hatari kubwa ya uvuvi wa upinde si kumkosa samaki. Ni mshale unaorudi. Mshipi ukinasa kwenye upote, kwenye kifungo cha nguo, kwenye kidole au kwenye sehemu ya kikunjio, mshale husimama ghafla ungali na nguvu. Mshipi hunyumbuka, kisha hurejea, na huja na mshale kuelekea alikosimama mpigaji. Kwa kuwa mpigaji hulenga kwa jicho, uso wake ndio ulio katika njia hiyo.

Chanzo kimoja cha ajali hii ni kuufunga mshipi moja kwa moja nyuma ya wano. Mshale ukiwa kwenye upinde, sehemu ya nyuma ya wano iko karibu na upote, hivyo mshipi nao hulala karibu na upote. Ndiyo sababu mishale ya kuvulia hutiwa kipete kinachoteleza juu ya wano. Kabla ya kupiga, kipete hukaa mbele, na mshipi wote hubaki upande wa mbele wa upinde. Mshale unapoondoka, kipete huteleza hadi kwenye kizuizi cha nyuma, na mshale huruka ukiukokota mshipi kutoka mkiani.

Hapa ndipo makala yanapoweka mpaka wa ufundi wa nyumbani. Kopo, mbao na mpira vikishindwa, matokeo yake ni mshipi uliofungamana. Kipete kikishindwa, matokeo yake yanaweza kuwa jicho. Sehemu hiyo haifai kuboreshwa kwa pete ya pazia wala waya wa kufungia nondo. Asiye na kipete kilichotengenezwa kwa kazi hiyo anaweza kukamilisha kikunjio, kukijaribu kwa kuning'iniza na kufundishia kanuni zake, lakini asipige mshale wenye mshipi. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima kwa mpigaji na kwa yeyote aliye karibu.

6.3 Vitenzi Viwili Vyenye Maana Mbilimbili

Maelekezo ya zana hii hutegemea vitenzi viwili, vuta na achia, na kila kimoja kina matumizi mawili. Mpigaji huvuta upote kabla ya kupiga, na huvuta mshipi baada ya kupiga. Vilevile, huachia upote ili mshale uondoke, na kikunjio huachia mshipi ili mshale ufike. Agizo la neno moja, kama vile “Vuta!” au “Achia!”, linaweza kueleweka visivyo na mwanafunzi aliyesimama na upinde mkononi. Hivyo basi, inapendekezwa kwamba katika maelekezo ya aina hii kitenzi kisitajwe kamwe bila yambwa yake: vuta upote, vuta mshipi, achia upote.

Mpangilio wa sentensi una uzito uleule. Sentensi isemayo “Achia upote baada ya kuhakikisha kwamba mshipi uko huru” ni sahihi kisarufi, lakini humpa msikilizaji tendo la hatari kwanza na tahadhari baadaye. Anayetenda huku akisikiliza anaweza kuwa ameshaachia. Mpangilio salama hufuata mpangilio wa matendo yenyewe: “Hakikisha kwamba mshipi uko huru. Kisha achia upote.” Mtafiti wa maelekezo ya kiufundi katika Kiswahili anaweza kuona hapa kwamba mfuatano wa vishazi si suala la mtindo peke yake, bali ni sehemu ya usalama wa mtumiaji.

7.0 Mazingira na Sheria

Swali la mahali pa kukitumia kifaa haliwezi kuepukwa. Maji yaliyo karibu na Sakina hayako wazi kwa kila mtu. Ziwa Duluti, karibu na Tengeru, liko ndani ya msitu wa hifadhi. Maziwa ya Momela yako ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na kuingia hifadhini na silaha si jambo la hiari ya mtu. Bwawa la Nyumba ya Mungu katika bonde la Mto Pangani, lililojengwa katika miaka ya 1960, ni eneo la uvuvi wa riziki, lakini liko mbali na uvuvi wake unasimamiwa kisheria.

Uvuvi wa Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Sheria hiyo inahitaji leseni, na kanuni zake zinabainisha zana zilizokatazwa, zikiwemo bunduki za mkuki zinazotumiwa na wazamiaji baharini. Kenya nayo ilipiga marufuku bunduki hizo mwaka 2001. Katika pwani ya nchi hizi, bunduki hizo mara nyingi hutengenezwa kwa mbao, mpira wa tairi na kipande cha nondo, yaani kwa vifaa vya nyumbani vilevile. Mfano huo unafundisha kwamba unafuu wa kutengeneza zana hauihalalishi zana hiyo. Anayekusudia kuvua kwa upinde anapaswa kupata ruhusa ya afisa uvuvi wa eneo husika kwanza, hata kama bwawa ni mali ya mtu binafsi aliyeridhia.

Pamoja na sheria, lipo suala la samaki mwenyewe. Anayevua kwa ndoana akimpata perege mchanga anaweza kumrudisha majini akiwa hai. Aliyepigwa kwa mshale harudi. Zana inayosifiwa kwa uhodari wa kuachia mshipi haimruhusu mvuvi kumwachia samaki. Utambuzi wa aina na ukubwa wa windo, kwa hiyo, lazima ufanyike kabla ya upote kuachiwa, na asiyeweza kumtofautisha kambale na perege ndani ya maji yenye tope hana budi kuushusha upinde wake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kikunjio cha mshipi wa upinde kwa kuonesha kwamba sifa zake zote hutokana na kazi moja: kuachia mshipi bila kizuizi kabla ya kuuvuta. Kazi hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kifaa hakizunguki, kwa nini kopo linalopungua upana linafaa kuliko bomba, kwa nini uzi unaonyumbuka sana hukataliwa, na kwa nini mshipi hukunjwa kwa mkono unaozunguka. Imeelezwa pia kwamba si kila sehemu ya zana inafaa kutengenezwa nyumbani: kikunjio kinafaa, kipete hakifai.

Kwa upande wa lugha, imedhihirika kwamba mapokeo ya upinde ya bara na mapokeo ya mshipi ya pwani yana msamiati unaokidhi mahitaji ya zana hii, na kwamba kilichohitaji kuundwa ni jina moja tu. Inapendekezwa kwamba waandishi wa maelekezo ya kiufundi kwa Kiswahili watofautishe upote na mshipi, waambatishe yambwa kwa kila kitenzi cha kuvuta na kuachia, na watangulize tahadhari kabla ya tendo. Uwanja wa utafiti zaidi uko katika karakana na vyuo vya ufundi, ambako maelekezo ya zana nyingine zenye hatari, kama vile msumeno wa umeme na mtungi wa gesi, hutolewa kila siku kwa vitenzi vyenye maana zaidi ya moja.